Nani Atamlilia Taa?

Ukimtajia mtu wa Nairobi neno taa, atatazama juu. Ataona balbu, au ataanza kulalamika kuhusu stima. Ukimtajia mtu wa Vanga au Lamu neno hilo hilo, huenda akakuuliza: taa ipi, ya nyumbani au wa baharini? Kwa sababu taa pia ni samaki. Ni yule samaki bapa kama chapati, mwenye mkia mrefu kama mjeledi, na kwenye mkia huo ana mwiba wenye sumu. Wengi wetu wa bara tulikutana naye mara moja tu, shule ya msingi, kwenye zoezi la vitawe. Tukaandika: taa ni kifaa cha kutoa mwanga; taa ni aina ya samaki. Tukapata alama zetu mbili, na urafiki wetu naye ukaishia hapo.

Sasa chukua koala. Kiswahili hakijampa jina lake mwenyewe; tumemwazima na jina lake. Hajawahi kuishi porini Afrika hata siku moja. Lakini mwonyeshe mtoto yeyote wa Nairobi picha yake, yale masikio ya manyoya, ile pua nyeusi kubwa, ule mkumbatio wa mti, na atamtambua papo hapo. Ametufikia kwa katuni, kwa mabegi ya shule, kwa stika za WhatsApp za kusema "nimechoka, niacheni nilale."

Nililifikiria jambo hili nikiwa Mombasa, nimesimama kwenye soko la samaki. Taa mmoja alikuwa amelazwa juu ya saruji, tumbo juu. Kando yangu mtoto wa miaka kama mitano alivuta buibui ya mamake akasema, "Mama, huyu samaki anacheka!" Na kweli, ukimgeuza taa, upande wa chini una kitu kinachofanana na uso: matundu mawili kama macho, na mdomo uliopinda kama tabasamu. Mzee aliyekuwa akiuza akacheka. "Hayo si macho, mjukuu wangu. Hizo ni pua. Macho yako upande wa pili." Kisha akachukua kisu, akamkata vipande.

Swali langu ni dogo. Kwa nini tunamjua mgeni wa mbali na hatumjui jirani? Jibu sikulipata Mombasa. Nililipata kwenye historia ya Australia, nchi ambayo wanyama hawa wawili wamo wote, mmoja majini, mmoja mtini. Kuna miaka mmoja alipewa heshima na mwengine hakujulikana kabisa. Kuna miaka yule anayependwa leo alichinjwa kwa malaki. Ukiifuata historia hiyo unaona kwamba mnyama hazaliwi akipendwa. Upendo wa watu kwa mnyama hutengenezwa, na aliyetengenezwa kupendwa si lazima ndiye aliyestahili zaidi.

Mmoja mchangani, mmoja mtini

Kwanza tuwaweke pamoja, tuwatazame vizuri.

Taa ni ndugu wa papa. Mwili wake hauna mfupa hata mmoja. Umejengwa kwa gegedu, kitu kile kile kinachoshikilia sikio lako. Koala ni mamalia, tena wa kundi la wanyama wanaolea watoto kwenye mfuko wa ngozi, kama kangaruu. Wazungu walimwita dubu, na wengine mpaka leo wanamwita hivyo, lakini hana udugu wa karibu na dubu. Jamaa yake wa karibu aliye hai ni wombat, mnyama mnene mwenye miguu mifupi anayechimba mashimo. Ukitaka kumpata babu mmoja wa taa na koala, itabidi urudi nyuma zaidi ya miaka milioni 400. Wewe na mimi tuko upande wa koala kwenye ukoo huo. Labda upendeleo ulianzia hapo.

Lakini tazama wanavyoishi, utashangaa. Wote wawili wamechagua njia moja ya kukaa salama: kutulia. Taa hujifukia mchangani akabaki macho tu juu. Koala huketi kwenye panda ya mti na anaweza kulala hadi saa 20 kwa siku. Si uvivu. Chakula chake ni majani ya mkaratusi, ambayo yana sumu na lishe kidogo sana, kwa hivyo mwili wake hauna nguvu za kuchezea. Ana utumbo maalumu wa kuchachushia majani hayo, wenye urefu wa kama mita mbili, ndani ya mnyama ambaye kwa kawaida hazidi kilo 15.

Taa naye hula kaa, kamba na chaza, lakini hawezi kuviona akivila, maana macho yako juu na mdomo uko chini. Basi anatumia stima. Ngozi ya mdomoni na kichwani ina vitundu vidogo vinavyohisi umeme hafifu unaotoka kwenye misuli ya mawindo yaliyojificha mchangani. Ndiyo, taa anatumia stima, na hanunui tokeni.

Hata umama wao una kufanana. Koala huzaliwa baada ya siku 35 hivi akiwa mdogo kama haragwe, kipofu, bila manyoya. Hutambaa mwenyewe hadi kwenye mfuko, akanyonya humo miezi kama sita. Akikaribia kuanza kula majani, mama humpa kinyesi laini maalumu chenye vijidudu vya kusaga sumu ya mkaratusi. Umesoma vizuri, kinyesi. Na taa? Hatagi mayai yakaachwa baharini. Watoto hukua ndani ya mama, na mama huwalisha humo humo tumboni kwa majimaji mazito yanayofanana na maziwa. Wakitoka, wametoka wakiwa taa kamili, wadogo, wenye mwiba tayari.

Kwa hivyo tuna mama wawili wapole. Mmoja ana uso unaotutazama, macho mbele, pua katikati, kichwa cha mviringo kama cha mtoto mchanga. Mwengine uso wake umegawanyika pande mbili za mwili, na ule tunaoudhani ni uso si uso.

Bandari iliyopoteza jina

Mwisho wa Aprili 1770, meli ya Kiingereza iitwayo Endeavour iliingia kwenye ghuba moja ya mashariki mwa Australia. Nahodha alikuwa James Cook. Wenyeji wa pale, watu wa Gweagal, waliliita eneo hilo Kamay. Wanaume wawili walisimama ufuoni kuwazuia wageni wasishuke. Cook na watu wake wakafyatua bunduki, mmoja akajeruhiwa, wageni wakashuka. Meli ilikaa kama siku nane.

Kilichowashangaza mabaharia kwenye maji ya Kamay ni taa. Walikuwa wengi, na walikuwa wakubwa. Katika siku za mwisho mashua ilirudi na taa wawili ambao kwa pamoja walikaribia pauni 600, yaani kama kilo 270. Baada ya miezi ya nyama ya chumvi na biskuti ngumu, hiyo ilikuwa karamu. Cook akaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba kwa sababu ya wingi wa samaki hao, mahali hapo ataliita Bandari ya Taa.

Fikiria: jina la kwanza ambalo Waingereza waliipa ardhi ile ya mashariki walipoikanyaga lilikuwa jina la samaki huyu. Halikudumu. Ndani ya meli kulikuwa na wasomi wawili wa mimea, Joseph Banks na Daniel Solander, ambao walikusanya mimea mingi sana ambayo Ulaya ilikuwa haijawahi kuiona. Baadaye Cook alilifuta jina la kwanza na kuandika jingine. Ghuba ikawa Botany Bay, yaani ghuba ya elimu ya mimea. Miaka 17 baadaye meli za wafungwa zilipotumwa kutoka Uingereza, hilo ndilo jina lililowatisha wezi wa London. Kama si kalamu ya Cook kubadilisha mawazo, wangekuwa wanatishwa na Bandari ya Taa.

Ni jambo dogo, lakini mimi linanigusa. Taa alikuwa chakula, na chakula hakiandikwi kwenye ramani kwa muda mrefu. Mimea ilikuwa elimu, na elimu ndiyo iliyokuwa na heshima. Jina Kamay, ambalo lilikuwa pale kabla ya wote, halikuulizwa. Leo hifadhi ya taifa ya hapo inaitwa Kamay Botany Bay. Majina mawili kati ya matatu yamerudi kukaa pamoja. La taa halikurudi.

Na koala? Cook na Banks hawakumtaja hata mara moja.

Miguu ndani ya chupa

Wenyeji walimjua koala siku zote. Walimwinda, walimla, walimpa majina katika lugha zao, na neno koala lenyewe linatokana na lugha ya Wadharug wa eneo la Sydney, ambao walimwita gula. Wazungu ndio waliochelewa. Waliishi Sydney miaka 10 kabla ya kuandika habari zake. Mnamo Januari 1798, kijana aitwaye John Price, mtumishi wa gavana, alisafiri kuelekea milimani na kuandika kwamba kuna mnyama ambaye wenyeji wanamwita cullawine. Ni hayo tu. Hakuna aliyejali.

Mwaka 1802 ofisa mmoja Mfaransa aliyeitumikia Uingereza, Francis Barrallier, alikutana na wenyeji waliokuwa wameshamla koala. Akabadilishana nao kwa mikuki na kupata kilichobaki: miguu. Akaitia kwenye chupa ya brandi na kuituma kwa gavana. Hivyo ndivyo mnyama anayependwa kuliko karibu wote duniani alivyowafikia watawala wa Sydney, miguu ikielea ndani ya pombe. Ilipofika Agosti 1803 ndipo koala mzima akaletwa mjini, mama na watoto, na gazeti la Sydney likaandika habari zake.

Wasomi wa Ulaya walihangaika na jina. Mwaka 1816 Mfaransa Henri de Blainville alimpa jina la kisayansi lenye maana ya dubu wa mfuko. Mwaka uliofuata Mjerumani Georg Goldfuss aliongeza jina lenye maana ya rangi ya majivu. Dubu wa mfuko mwenye rangi ya majivu: maneno matatu, na la kwanza ni kosa. Lakini kosa lile lilikuwa na kazi. Ukimwita mnyama dubu, umemtia kwenye hadithi za watoto wa Ulaya hata kabla hajafika huko.

Tukiishia hapo tungesema: ahaa, koala alipendwa kwa sababu anafanana na mdoli. Sivyo. Kilichofuata ni miaka zaidi ya 100 ambayo uso ule mzuri haukumsaidia kitu.

Agosti 1927

Manyoya ya koala ni mazito, hayaingizi maji kirahisi. Kuanzia karne ya 19 ngozi zake zilisafirishwa London na Marekani kutengenezwa glavu, kofia na bitana za makoti. Kumwinda hakuhitaji ujasiri. Mnyama anayetegemea kutulia ndiye rahisi kuliko wote kumwua ukishajua alipo. Walipigwa risasi mitini, walitegwa kwa vitanzi, walilishwa sumu ya sianidi. Kufikia miaka ya 1930, jimbo la Australia Kusini lilikuwa limebaki bila koala.

Queensland ndiyo iliyobaki na wengi. Serikali ya jimbo ilikuwa na utaratibu wa kufunga na kufungua msimu wa uwindaji. Mwaka 1919 msimu ulifunguliwa miezi sita, na koala takriban milioni moja wakauawa. Kisha msimu ukafungwa miaka kadhaa.

Mwaka 1927 ukame ulikuwa umewapiga watu wa mashambani. Ng'ombe na kondoo walikuwa wamekufa, familia hazikuwa na pesa. Kaimu waziri mkuu wa jimbo, William Forgan Smith, akatangaza kwamba Agosti yote ingekuwa msimu wazi. Mwezi mmoja. Maelfu ya watu wakachukua leseni.

Hapa nataka tuwe waadilifu, maana ni rahisi kukaa Nairobi miaka karibu 100 baadaye na kuwaita watu wale wakatili. Baba aliyepanda kwenye gari la farasi kwenda msituni Agosti ile alikuwa na watoto wa kulisha. Ngozi moja ilikuwa shilingi kadhaa. Sisi tunaojua makaa yanakotoka na bado tunanunua gunia, tunaelewa hesabu hiyo. Lakini hesabu ya mwisho ilikuwa zaidi ya koala nusu milioni ndani ya siku 31. Wengi wao, inafaa kukumbuka, walikuwa mama wenye watoto mfukoni, na mtoto hakuhesabiwa kwa sababu ngozi yake haikuwa na bei.

Waaustralia wenyewe wanauita mwezi huo Agosti Nyeusi. Kabla hata haujaanza, barua zilijaa magazetini. Viongozi wa makanisa walipinga, wanasayansi walipinga, vyama vya wanawake vilipinga, watu wa kawaida waliandika kwa hasira. Serikali haikusikia. Msimu ulifunguliwa. Lakini kelele zile hazikupotea bure, kwa sababu Queensland haikuthubutu tena kufungua msimu mwengine. Agosti 1927 ilikuwa ya mwisho.

Upendo unavyotengenezwa

Mwaka huo huo wa 1927, pembezoni mwa Brisbane, mji mkuu wa jimbo lile lile, mtu aitwaye Claude Reid alianzisha mahali pa kuwahifadhi koala. Alianza na wawili tu, Jack na Jill. Mahali hapo panaitwa Lone Pine, na papo mpaka leo.

Mwaka 1933 mwandishi Dorothy Wall alitoa kitabu cha watoto kuhusu koala mtundu aitwaye Blinky Bill. Mapema kwenye hadithi, baba yake Blinky anapigwa risasi na mwindaji. Hebu fikiria maana yake. Mtoto aliyezaliwa miaka ile ya uwindaji, ambaye huenda mjomba wake alikuwa na leseni, anasomewa kitandani kwamba yule aliyepigwa risasi mtini alikuwa baba ya mtu. Kizazi kizima kilikua na kitabu hicho. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930, sheria zilimlinda koala nchini kote.

Baada ya hapo ikawa ni mteremko. Midoli ya koala iliuzwa kwa watalii, na kichekesho kichungu ni kwamba mingi ilishonwa kwa ngozi ya kangaruu. Shirika la ndege likamtumia kwenye matangazo. Na Novemba 2014, viongozi wa nchi za G20 walipokutana Brisbane, waliletewa koala wa kupakata. Obama alipakata, Putin alipakata, picha zikazunguka dunia. Katika jimbo ambalo ngozi yake iliwahi kuuzwa kwa shilingi, sasa alikuwa balozi.

Hakuna kilichobadilika kwenye uso wa koala kati ya 1919 na 2014. Macho ni yale yale, pua ni ile ile. Kilichobadilika ni barua za magazetini, kitabu cha watoto, hifadhi yenye wanyama wawili wenye majina, na sheria. Watu walifanya kazi. Uso uliwarahisishia, sikatai. Lakini uso ulikuwepo pia Agosti 1927, na bunduki zililia.

Mwiba

Taa hakuwa na Dorothy Wall wake. Hadithi zake karibu zote ni za mwiba. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba Odysseus, baada ya vita na safari zote zile, aliuawa na mkuki wenye ncha ya mwiba wa taa. Kaskazini mwa Australia wenyeji walitumia miiba hiyo kwenye mikuki ya kweli. Huku kwetu, wazee wa Pwani na Unguja watakusimulia mkia wa taa ukiwa kiboko, na jinsi ulivyowafanya watoto wakariri masomo upesi. Hata kwenye lugha yetu wenyewe, taa amekuwa kitu cha kuchapia.

Kisha ikaja tarehe 4 Septemba 2006. Steve Irwin, yule jamaa wa kaptura ya kaki ambaye wengi wetu tulimwona kwenye TV akirukia mamba, alikuwa baharini kaskazini mwa Queensland, kwenye mwamba wa Batt Reef, akirekodi kipindi kuhusu wanyama hatari wa baharini. Aliogelea karibu na taa mkubwa kwenye maji ya kina kifupi. Taa akarusha mkia, mwiba ukaingia kifuani. Irwin alifariki akiwa na miaka 44.

Vifo vya namna hiyo ni nadra mno. Taa hamwindi mtu. Huchoma akikanyagwa au akihisi amezingirwa, na ndiyo maana wanaoogelea maeneo yenye taa wengi huambiwa waburute miguu mchangani badala ya kuinua hatua: ukimpa habari kwamba unakuja, ataondoka mwenyewe. Lakini nchi ilikuwa na majonzi, na majonzi hutafuta mtu. Siku chache baadaye, taa wasiopungua 10 walipatikana wamekufa kwenye fuo za Queensland, baadhi wakiwa wamekatwa mikia. Maafisa walikumbusha kwamba wapo wavuvi wanaokata mkia wa taa aliyenasa wasije wakachomwa. Lakini walishuku kisasi, na wakaonya kwamba jambo hilo halitavumiliwa. Shirika la uhifadhi ambalo Irwin mwenyewe alikuwa ameanzisha likatoka kusema hicho ndicho kitu cha mwisho ambacho angetaka.

Ni jimbo lile lile, miaka 79 baada ya Agosti Nyeusi. Kifo cha koala kiliwafanya watu waandike barua. Kifo cha mtu mmoja kiliwafanya watu, huenda wachache, waende ufuoni na kisu. Mnyama aliyefanya kile ambacho mwili wake umekifanya tangu enzi za dainosari aligeuzwa muuaji.

Mwisho bila kilio

Sasa sehemu inayonisumbua zaidi.

Februari 2022, serikali ya Australia ilimtangaza koala kuwa katika hatari ya kutoweka katika majimbo ya Queensland na New South Wales na eneo la mji mkuu. Ndiyo, yule yule balozi. Hakuna anayemwinda tena. Anauawa na vitu vingine: miti inayokatwa kupisha mashamba, nyumba na barabara, ugonjwa wa klamidia, mbwa, magari, na ule moto mkubwa wa mwaka 2019 na 2020. Dunia nzima ililia ilipoona video za koala walioungua. Pesa zilichangwa. Lakini koala hali machozi wala midoli. Anakula mkaratusi, na mkaratusi uliokatwa ni mkaratusi uliokatwa.

Mwaka uliotangulia, 2021, watafiti walichapisha hesabu kwamba idadi ya papa na taa wa bahari kuu imeshuka kwa asilimia 71 tangu 1970, na sababu kubwa ni uvuvi wa kupita kiasi. Zaidi ya theluthi moja ya aina zote za papa, taa na jamaa zao ziko hatarini. Uliona stika yake? Hata mimi sikuiona.

Na Desemba 2023 likatoka tangazo jingine. Kulikuwa na taa mdogo wa mviringo, mkubwa kama sahani ya chakula, aliyeishi Indonesia katika bahari ya Java. Sayansi ilimjua kwa samaki mmoja tu, aliyenunuliwa kwenye soko la samaki la Jakarta mwaka 1862. Baada ya huyo, hakuonekana tena. Watafiti walitafuta kwenye masoko na rekodi za uvuvi miaka na miaka, wakakubali: ametoweka. Walisema ndiye samaki wa kwanza wa baharini kujulikana kwamba amefutika kwa sababu ya shughuli za binadamu. Mtu alimkuta sokoni, akamnunua, akamhifadhi. Wenzake wote waliobaki walipikwa.

Nilipoisoma habari hiyo nilirudi kwenye ile meza ya saruji ya Mombasa. Sisemi yule mzee asiuze taa. Ana watoto wa kulisha kama yule mwindaji wa Queensland, na mimi mwenyewe nimekula papa na taa wa kukaushwa kwa mchuzi wa nazi na sikujuta. Ninachosema ni kwamba hatujui hata tulichokuwa tunakiangalia. Taa wa aina ngapi hupita kwenye soko lile kwa wiki? Ni yupi aliyekuwa akija mengi miaka 20 iliyopita na sasa haji? Mzee yule anajua mengi kati ya hayo. Elimu yake haijaandikwa popote, kama vile elimu ya watu wa Kamay haikuandikwa, kama vile jina gula lilivyokuwepo miaka yote kabla ya chupa ya brandi.

Kuna kitu kimoja cha mwisho. Mkaratusi, chakula cha koala, uko kwetu. Uliletwa Kenya kutoka Australia mwanzoni mwa karne ya 20, treni za reli ya Uganda zilipokuwa zinakula kuni. Leo ndio mti unaokatwa kuwa nguzo za stima. Kwa hivyo usiku ukitembea mtaani kwako ukatazama juu, unachokiona ni taa iliyoshikiliwa na chakula cha koala. Wanyama wawili ambao hujawahi kukutana nao, wote wako hapo juu ya kichwa chako, mmoja kwa jina, mwengine kwa mti.

Koala alipata watu wa kumwandikia barua. Walichelewa, na hata hivyo walimwokoa mara moja. Yule mtoto wa sokoni aliyesema samaki anacheka alikuwa ameanza kumwandikia taa barua ya kwanza. Tulimsahihisha upesi: hayo si macho, hizo ni pua. Tulikuwa sahihi. Ila tungeendelea kidogo, tukamgeuza samaki, tukamwonyesha macho yalipo.